Usione Vyaelea, Vimeundwa

Vijana wengi wa Kisii na Nyamira huyajua magari ya Ferrari na Lamborghini kwa picha, pasina kuyaona kwa macho. Hapana ubaya wowote. Ferruccio Lamborghini mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima, na aliunda matrekta tangu 1948 kabla ya kuingia katika magari ya fahari mwaka wa 1963. Kosa letu ni kusifu kasi peke yake. Kasi ni tunda; shina lake ni matunzo.

Ushahidi tunao humu nchini. Katika mashindano ya Safari Rally ya 1988 na 1989, Miki Biasion wa Italia alishinda kwa Lancia Delta Integrale, na mnamo 1991 Juha Kankkunen wa Ufini akashinda kwa gari la aina iyo hiyo. Kwa Kiitaliano, lancia ni mkuki. Hata hivyo, mkuki huo haukuletwa Kenya jinsi ulivyouzwa dukani. Springi ziliinuliwa, ngao ya chuma ikafungwa mbele, na bomba refu la kuvutia hewa likawekwa ili injini isimeze maji mitoni. Mafundi nao waliufuata njia nzima wakiwa na spea. Dereva alipewa kikombe. Fundi akabaki na grisi mikononi.

Sasa tulichukue gari la kale la Kiitaliano, lenye kabureta, tulipeleke kutoka Kisii hadi Nyamira. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa itatoa petroli nyingi kwa hewa kidogo. Plagi zitashika masizi na injini itakohoa mlimani. Sharti fundi abadilishe jeti. Gari la kisasa hujirekebisha kwa kompyuta, lakini tumbo lake li karibu na ardhi, na tuta moja lisilotarajiwa laweza kulijeruhi. Aidha, Ferrari kadhaa zilizoundwa tangu miaka ya 1970 zina mkanda wa injini ambao hubadilishwa kwa kuhesabu miaka, hata kama gari limelala tu. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Mwenye gari kama hilo asiye na fundi mjuzi hana gari, ana pambo.

Hapa ndipo mwalimu wa isimu anapopata la kusema. Ingia gereji yoyote mjini Kisii, utege sikio. Fundi humwambia mwanagenzi wake: injini inamisi, inakula oili, klachi inateleza. Neno "misi" limetoka Kiingereza, lakini limevikwa viambishi vyetu na kunyambuliwa kama kitenzi chochote cha Kiswahili. Kila kauli kati ya hizo hutaja ugonjwa mmoja mahususi, wala haichanganywi na nyingine. Hizo ni istilahi kamili.

Lakini vitabu vya magari hayo vimeandikwa kwa Kiitaliano au Kiingereza. Aghalabu kijana awezaye kutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu huambiwa kwamba hana lugha. La hasha! Lugha anayo, ni sisi wasomi ambao hatujaiandika. Matokeo yake ni kwamba fundi mzee akifariki, huzikwa na kamusi yake.

Walimu wenzangu, badala ya insha nyingine kuhusu siku ya harusi, watumeni wanafunzi gerejini wakiwa na daftari. Waandike kila neno la fundi, la Kiswahili na la Ekegusii, wafafanue maana yake na kazi ya kifaa chenyewe, kisha wamsomee fundi awasahihishe. Nanyi wanafunzi mnaoipenda Ferrari, jueni kwamba jina hilo asili yake ni ukoo wa wahunzi, wafua chuma. Mwanzeni mapenzi hayo kwa kumheshimu mhunzi aliye jirani yenu.