Karata ine za rangi moja: ufuate ama usukume?

Jumapili ile tulikuwa watu wanane kwenye meza moja huko Kalundu, karibu na bandari. Wengi walikuwa wachimbaji walioshuka toka Misisi na Lubichako kuona familia zao. Poka tunaicheza kwa njia ya turnoa: kila mtu anaweka 5.000 FC ndani ya kofia, mara moja tu, anapewa jetoni 3.000, na zikiisha anasimama. Hakuna kuongeza. Jetoni zetu ni maharagi. Njo maana mimi mtu wa sendika ninakubali kukaa kwenye mchezo huu, lakini ule wa pesa wazi kule juu kwenye mashimo ninaukataa. Kule nimeona baba mzima akimaliza minerval ya watoto watatu kabla jogoo kuwika, kisha akakopa kwa negosya ili aendelee.

Basi, kijana mmoja alikuwa na 8 na 7 za shupaza mkononi. Mezani zikaanguka karata tatu: mfalme wa shupaza, 4 ya shupaza na valeti ya kopa. Kwa hiyo alikuwa na shupaza ine, akingojea ya tano ili apate rangi. Hiyo njo tunaita tiraji: mkono haujawa kitu, lakini unaweza kuwa. Katikati mlikuwa jetoni 1.000. Mzee mmoja upande wa pili akafanya tapi, akasukuma zake zote 2.000. Kijana akawaza kidogo, akafuata. Karata ya ine, bure. Ya tano, bure. Mzee alikuwa na mfalme mwingine mkononi, akabeba yote, na kijana akabaki na kitu kidogo ambacho hakikufika mbali.

Kisha akanikalia karibu. "Mukubwa, nilikuwa na shupaza ine! Ningefanya nini?"

Tulihesabu pamoja mchangani. Shupaza ziko 13, ine umeshaziona, zinabaki 9. Karata usizoziona ni 47. Zikibaki mbili za kufunguliwa, utapata rangi yako karibu mara 35 juu ya 100, ni kusema mara 7 juu ya 20. Sasa fuata tapi ile mara 20: mara 7 unabeba 3.000, jumla 21.000. Mara 13 unapoteza 2.000, jumla 26.000. Umelala na deni la 5.000.

Lakini geuza meza. Tuseme wewe njo ulisukuma zile 2.000 wa kwanza, na mara 8 juu ya 20 mwenzako anaogopa na kutupa karata zake. Hapo unaokota 1.000 bila kungoja shupaza yoyote: 8.000 tayari. Mara 12 zinazobaki anakufuata, wewe unashinda karibu 4 (12.000) na kupoteza karibu 8 (16.000). Unatoka na faida ya 4.000. Karata ni zile zile. Anayesukuma ana milango miwili, woga wa mwenzake na karata inayokuja. Anayefuata ana mmoja tu.

Kijana alinyamaza muda mrefu kwa hiyo hesabu.

Kuna tiraji nyingine zenye nguvu kweli, na hizo zisichanganywe na ya kijana. Kama mezani pangekuwa 9 na 6 za shupaza na mfalme wa kopa, 8 na 7 zake zingengojea mambo mawili: shupaza yoyote, ama 10 au 5 yoyote ya kumalizia mfuatano. Shupaza 9, pamoja na 10 na 5 zisizo shupaza, 6. Karata 15! Zikibaki mbili za kufunguliwa, inafika karibu 54 juu ya 100. Hapo hata mzee mwenye mfalme wake njo yuko nyuma. Hapo hata kufuata si kosa.

Mwaka 2003, kule Las Vegas, mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, alifika mwisho wa turnoa kubwa ya watu 839. Walibaki wawili, yeye na Sam Farha. Baada ya karata ine mezani palikuwa 9, 6 na 8 za shupaza na 2 ya uru. Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na 7 ya kopa: karata 15 zile zile, lakini ilibaki moja tu ya kufungua, kwa hiyo nafasi yake ilikuwa kama moja juu ya tatu. Farha akaweka 300.000, yeye akapandisha hadi 800.000. Farha akafuata. Ya tano ikawa 3 ya kopa, bure kabisa. Moneymaker akasukuma zote vilevile. Farha alikuwa na 9 mbili, mkono wa kushinda, akazitupa. Usiku ule Moneymaker akachukua turnoa na dola milioni 2,5.

Wazee wetu wa Kalundu, lakini, hawatupi karata. Wanafuata kila kitu, hata na valeti mbili za huruma. Mbele yao mlango wa woga umefungwa, na kusukuma tiraji dhaifu ni kuwapa maharagi yako bure. Tazama kwanza nani amekaa mbele yako.

Tazama pia kofia. Siku ile ilikuwa na 40.000 FC: 25.000 kwa wa kwanza, 15.000 kwa wa pili. Mkibaki watatu na mmoja ana maharagi matatu tu, kufuata tapi ya mkubwa kwa shupaza ine ni wazimu. Maharagi yakizidi mara mbili, pesa haizidi mara mbili. Yakiisha, yule wa maharagi matatu anapokea 15.000 zako. Tupa, ngoja aanguke.

Kijana alikuwa bado anachora mchangani wakati bibi yake alipopita na beseni ya ndagala kichwani. Akasimama, akatazama hesabu zetu, akauliza: "Na ile 5.000 ya kofia, ilitoka wapi?"

Tukaangalia ziwa wote wawili.