Fahamu: Huzuni inapouumiza mwili wa mzee
Chukua mfano wa bibi wa Voi, Kenya, mwenye presha na kisukari. Kifua kinambana, lakini vipimo vya moyo, ambavyo ni lazima vitangulie, havionyeshi tatizo jipya. Je, anajifanya? Hata kidogo. Majonzi na upweke huumiza mwili kwelikweli.

Wataita, wenyeji wa eneo la Voi, walijua zamani kwamba hisia huweza kujitokeza mwilini. Mwaka 1957, mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kuhusu saka, hali iliyowapata hasa wanawake walioolewa: walitetemeka, wengine wakazimia. Tiba mojawapo ilikuwa ngoma ya hadharani. Mgonjwa hakuachwa peke yake.

Kumwambia mzee "huna kitu" ni kumfungia mlango. Ukimpeleka kliniki, beba dawa zake zote, na mweleze daktari pia misiba iliyompata.