Mbwa mwitu wa Ukutu: mpaka wa mkojo na hesabu ya mfugaji

MFUGAJI wa mbuzi katika tambarare za Ukutu, kusini mwa Milima ya Uluguru, ana jirani ambaye hukutana naye kwa nadra. Ni mbwa mwitu, mnyama wa mabaka meusi, meupe na ya kahawia anayewinda kwa kundi. Si mbwa wa kijiji aliyekimbilia porini, kama baadhi ya watu wanavyodhani, bali ni jamii nyingine kabisa.

Magharibi ya vijiji hivyo ipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kusini ipo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Hakuna uzio kati ya hifadhi hizo na mashamba. Mbwa mwitu naye ana mipaka yake, lakini haifuati ramani ya serikali.

Kundi moja huhitaji mamia ya kilomita za mraba. Eneo kubwa kiasi hicho haliwezi kulindwa kwa kusimama mlangoni, hivyo kazi hiyo hufanywa na harufu. Anayeweka alama zaidi ni jike kiongozi pamoja na dume wake. Jike hukojoa kwenye majani, na dume hukojoa papo hapo juu ya mkojo huo. Kundi geni linaponusa alama hiyo hutambua kwamba eneo lina wenyewe, na kwamba wenyewe ni jozi iliyoshikamana. Mara nyingi hugeuza njia. Makundi mawili yakikutana hupigana, wakati mwingine hadi kuua, kwa hiyo mkojo ni ulinzi wa bei nafuu kwa pande zote mbili.

Nchini Botswana watafiti walijiuliza kama binadamu naye anaweza kuutumia mpaka huo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, walichukua mchanga uliolowa mkojo pamoja na kinyesi cha makundi ya mbali, wakavimwaga kwenye njia za kundi lililokuwa na tabia ya kutoka nje ya Hifadhi ya Northern Tuli. Kundi lilipokuta alama hizo za wageni, lilielekea kurudi ndani.

Morogoro haiwezi kuushangaa utaalamu wa namna hiyo. Ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Hata hivyo, hesabu ya Ukutu ni ngumu. Harufu hufifia, hivyo lazima irudiwe. Mtu wa kuikusanya anahitaji gari, mafuta na siku nyingi porini, ndiyo maana watafiti wa Botswana walihangaika kutafuta kemikali zake ili itengenezwe maabara. Isitoshe, vijana wanaoacha kundi kutafuta wenza hawana eneo la kulinda, nao husafiri mbali wakipita katika maeneo ya wengine.

Njia inayoonekana rahisi zaidi, yaani sumu au bunduki, ndiyo yenye hasara. Akifa mmoja wa viongozi wanaoweka alama, kundi linaweza kusambaratika na eneo likabaki bila mwenyewe, tayari kwa wageni wasiojua njia za hapo. Sumu nayo huua tai na mbwa wa kijiji. Mbwa mwitu waliobaki Afrika nzima wanakadiriwa kuwa 6,600 tu, na ukanda wa Selous ni moja ya ngome zao kubwa.

Kwa mfugaji mwenye mbuzi kumi, ulinzi unaolipa bado ni mchungaji mtu mzima. Mbwa mwitu huwinda zaidi alfajiri na jioni, saa ambazo mara nyingi mbuzi huachiwa watoto au huachwa wajirudie wenyewe zizini. Wakati wa kiangazi, kundi linapokuwa na watoto shimoni, halihami kwa takriban miezi mitatu. Kijiji kinachojua shimo lilipo kinaweza kupeleka malisho upande mwingine kwa muda huo, bila kununua hata msumari.

Kuna pia chanjo ya mbwa wa nyumbani. Serengeti ilipoteza makundi yake ya mbwa mwitu mwaka 1991, muda mfupi baada ya kichaa cha mbwa kuthibitishwa miongoni mwao. Ugonjwa huo huua mbwa mwitu, mbuzi na binadamu pia, na sindano ya mbwa mmoja ni rahisi kuliko beberu.