Somo la Mwisho la Biolojia

Mbegu ya mvule ni ndogo kuliko punje ya mtama. Ikimea na kuachwa ikomae, mti wake huja kupasuliwa mbao za kujaza lori. Uzito wote huo unatoka wapi?

Swali la aina hii waliulizwa wahitimu wa vyuo vikuu vya Harvard na MIT, mbele ya kamera, katika filamu ya kielimu iitwayo Minds of Our Own iliyotoka mwaka 1997. Walioulizwa walikuwa vijana wa vyuo vinavyosifika dunia nzima, na bado baadhi yao walijibu kwamba uzito hutoka kwenye udongo, wengine wakataja maji na madini. Walipoambiwa kwamba sehemu kubwa ya ule uzito ni hewa, wapo walioona haiwezekani.

Jibu la udongo lilishapimwa zamani. Mganga wa Kibelgiji, Jan van Helmont, alipanda mche wa mti katika pipa lenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa umefikia kilo 76 na ushei, ilhali udongo ulikuwa umepungua gramu zipatazo 60. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1648, naye akahitimisha kwamba mti umetengenezwa kwa maji. Hapo alikosea. Maji yana mchango wake, lakini karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo jani limeivuta hewani ikiwa katika hewa ya ukaa, kisha likaiunganisha na maji kwa nguvu ya jua. Ndiyo usanisinuru, neno ambalo wahitimu wale walilifahamu tangu utotoni.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kukosa kufundishwa, kwani kulijua jina la jambo si kulielewa. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ndilo kipimo ninachotumia kuzitazama kozi za awali za biolojia vyuoni, hasa nchini Marekani, ambako kozi hizo ni za aina mbili.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza Marekani hukusanya krediti zipatazo 120 kwa miaka 4. Baadhi ni za fani yake, na nyingine ni za elimu ya jumla, ambayo kwa kawaida humtaka hata anayesomea historia au uhasibu apitie angalau kozi moja ya sayansi. Utaratibu huu una historia. Charles Eliot, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliwapa wanafunzi uhuru mkubwa wa kujichagulia masomo. Baadaye walimu wengi waliona uhuru huo unawaacha vijana bila elimu ya pamoja. Mwaka 1945 kamati ya Harvard ilitoa ripoti iliyotetea elimu ya jumla kwa raia wa nchi huru, sayansi ikiwemo, nayo ilisomwa sana na vyuo vingine.

Kozi ya kwanza ni ya wanaosomea biolojia na wanaojiandaa kwa udaktari. Huchukua mihula miwili, pamoja na vipindi vya maabara, na aghalabu kemia husomwa sambamba. Wanafunzi huanza na seli na kemia yake, wakaingia kwenye jeni, mageuko ya viumbe, mimea, wanyama na ikolojia. Kitabu mashuhuri cha kozi hii ni kile alichokianzisha Neil Campbell mwaka 1987. Siku hizi kina sura zaidi ya 50 na kurasa zaidi ya elfu moja.

Kozi ya pili ni ya wanaosomea fani nyingine. Mara nyingi ni ya muhula mmoja, na huenda ikajengwa juu ya mada moja, kama vile mwili wa binadamu, mazingira au saratani. Hapa ndipo vyuo vingi vinapokosea. Huchukua kozi ya wanabiolojia, vikaipunguza kemia, vikaziruka sura kadhaa, vikailegeza mitihani. Kinachobaki ni orodha ya istilahi ambazo mwanafunzi huzikariri wiki ya mtihani, na likizo ikiisha zimeshamtoka.

Msimamo wangu ni kwamba kozi hii ya pili ndiyo nzito zaidi kwa jamii. Anayesomea biolojia akifundishwa vibaya mwaka wa kwanza ana miaka mitatu ya kurekebishwa. Anayesomea sheria hana nafasi hiyo. Hilo ndilo somo lake la mwisho la biolojia maishani, na atakachotoka nacho ndicho atakachokitumia akiwa mzazi, mpiga kura, hakimu au mhariri.

Basi afundishwe nini? Afundishwe mambo machache, lakini kwa kina. Chukua usugu wa dawa. Bakteria aina ya Escherichia coli, akiwa na chakula cha kutosha na joto kama la mwili, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Wanafunzi wapige hesabu wenyewe: kwa saa 10 atagawanyika mara 30, na kutoka bakteria mmoja watapatikana zaidi ya bilioni moja. Kila mgawanyiko hunakili DNA, na mara chache nakala huwa na kosa. Tuseme kosa linalomwezesha bakteria kustahimili dawa fulani hutokea mara moja katika migawanyiko milioni 100. Ndani ya kundi hilo la bilioni tayari wamo kadhaa wenye kosa hilo, kabla mgonjwa hajameza hata kidonge kimoja. Dawa haikuwafundisha usugu. Imewaua wenzao, na wao wakabaki na nafasi na chakula chote.

Mwanafunzi wa uhasibu aliyepiga hesabu hiyo kwa kalamu yake ameelewa mageuko ya viumbe bila kukariri fasili. Ataelewa pia ubaya wa kununua vidonge vitatu vya antibayotiki duka la dawa kwa ajili ya mafua. Mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haivigusi, ilhali bakteria wa mwilini wanachujwa bure na kubaki wale sugu.

Namna ya kufundisha nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2014 Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichambua tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati. Pale mhadhiri alipohutubia tu, waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8. Pale wanafunzi walipojibu maswali, kujadiliana na kutatua matatizo darasani, walikuwa asilimia 21.8. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Chama cha Marekani cha Kuendeleza Sayansi kilitoa ripoti iliyozitaka kozi za biolojia zisimame juu ya mawazo makuu matano: mageuko, umbo na kazi yake, mtiririko wa taarifa za kijeni, mabadiliko ya nishati na maada, na mifumo. Usugu wa dawa uko kwenye wazo la kwanza, na uzito wa mti kwenye la nne. Mawazo hayo matano yanawafaa wanafunzi wa kozi zote mbili. Mwanabiolojia huongezewa istilahi, kemia na stadi za maabara kwa kuwa ndizo zana za kazi yake.

Kwetu Afrika Mashariki mgawanyo hufanyika mapema zaidi. Tanzania, aliyechukua tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, aliiacha biolojia Kidato cha Nne, na chuoni hudahiliwa moja kwa moja kwenye programu yake. Hata hivyo maswali ya biolojia yanamfuata. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri la Kenya liliondoa marufuku ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, iliyokuwapo tangu 2012, na suala hilo likafika mahakamani. Mawakili walilijadili, majaji wakalisikiliza, waandishi wakalitangaza, na wengi wa watu hao hawakusomea biolojia chuoni.

Vyuo vyetu vinaweza kuwawekea wanafunzi wa sheria, uandishi wa habari na biashara kozi ya muhula mmoja. Iwe na mawazo matano na mifano ya hapa hapa, na mtihani wake umtake mwanafunzi aeleze kwa maneno yake badala ya kutaja majina. Na kozi hiyo apewe mhadhiri hodari kuliko wote idarani, kwa kuwa wanafunzi wake hawatarudi tena.