Majigambo ya Kagera, Twende Tukayapime

Hakuna Mtanzania asiye na kichekesho chake kuhusu Mhaya na kujisifu. Mimi ni Mhaya wa Muleba, mkoani Kagera, kwa hiyo sibishi. Nimechukua daftari na futi ya fundi, nikazunguka fukwe na migomba ya kwetu nikitafuta majigambo yanayopimika.

La ziwa kwanza. Pale Nyamukazi, ufukweni Bukoba, mzee mmoja aliniapia kwamba Victoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani. "La pili, mzee wangu," nikamwambia. Kwa maziwa ya maji baridi linatanguliwa kwa eneo na Superior la Amerika Kaskazini, ila Afrika nzima halina mpinzani: kilomita za mraba zipatazo 68,800. Akakubali shingo upande. Nilipoongeza kwamba kina chake kirefu kabisa ni mita themanini na kidogo, wakati Tanganyika inazama zaidi ya mita 1,400, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Rekodi ya mvua haihitaji shahidi. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Upepo wa mashariki huvuka ziwa lote ukijibebea unyevu, kisha ukagonga vilima vya upande wetu na kuumwaga wote. Wazee walimtaja Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, na kwa kweli maelezo yao hayako mbali sana na hayo. Mvua yenyewe hupenda alfajiri. Ilinikuta ufukweni saa kumi na mbili kasoro, nikajibanza kwenye kibanda cha makuti na akina mama wa dagaa. Waliiona kabla yangu: Musira, kisiwa kile kilicho mbele ya mji, kilifutika chote, na mara maturubai yakawa yameshatandazwa juu ya dagaa. Mimi ndiye niliyelowa.

Ufukwe huohuo una rekodi nyingine isiyofurahisha. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na alama ile ikakaa miaka mingi bila kuvunjwa, mpaka 2020. Mwaka 2024 maji yakapanda tena. Kuna miti niliyoizoea ikiwa mchangani ambayo sasa mizizi yake inaoshwa na mawimbi.

Kwa ukubwa wa hifadhi, mshindi ni Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, iliyozaliwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Sehemu yake iko Muleba. Kwa heshima za kanisa, anayefuata ni Laurean Rugambwa, aliyekuwa askofu wa Rutabo, huku kwetu, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi mwaka 1960. Kaburi lake limo katika kanisa kuu la Bukoba.

Lakini ningepewa siku moja tu, ningekwenda Katuruka, Maruku, kusini mwa mji. Hapo katikati ya migomba, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba mabaki ya matanuru ya chuma ya kale mno. Kilichonishika ni kilichofuata. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuru kwa kumbukumbu, ingawa chuma cha dukani kilikuwa kimeua kazi hiyo zamani. Walichimba shimo, wakalisiriba udongo wa kichuguu, wakaweka matete ya kinamasi yaliyoungua nusunusu, wakavukuta. Mwaka 1978 jarida la Science likachapisha habari hiyo: mababu zetu walikuwa wakitengeneza chuma cha pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine walibishia jinsi joto la matanuru hayo lilivyopatikana. Mimi nilisimama pale nikiyawaza matete, ambayo kila siku nayapita bila kuyatazama.

Bustani bora? Msinitafutie ya manispaa. Ni kibanja: nyumba katikati, migomba kuizunguka, mibuni chini yake, maharage na magimbi yakijipenyeza, na nyasi zilizokatwa rweya, yaani nyikani, na kutandazwa shinani pamoja na samadi, kizazi baada ya kizazi. Nilimalizia safari kwa shangazi, Kamachumu. Alinipa akamwani, buni zetu za kutafuna, akanipeleka hadi kwenye mkungu ulioegemezwa miti miwili. "Huu hauna mwenzake Muleba yote," akasema.

Nikatoa futi. Akanishika mkono.

"Pima, lakini usiandike. Watakuja kuomba miche."