Mstari mwekundu usiouona

Andika ripoti ya Kiswahili kwenye Word ambayo lugha yake imeachwa Kiingereza, kama ilivyo kwenye laptopu nyingi hapa chuoni, uone itakavyokuwa. Karibu kila neno linachorewa mstari mwekundu. Anayeona anazoea, anaacha kuujali. Asiyeona, anayetumia kisoma skrini, hawezi kuupuuza kirahisi hivyo: programu ya NVDA ikifika kwenye neno lenye mstari inalitangazia kosa, halafu inalisoma. Kurasa thelathini za kutangaziwa kosa kila neno! Ndiyo maana wengi wanaingia kwenye mipangilio, wanazima tangazo lile, kisha wanamwomba rumeti awapitishie macho.

Rumeti ni mtu mwema, lakini ana kazi zake, na mara nyingi hasahihishi herufi tu. Ananyoosha na sentensi, anabadili hoja aliyoona haimkai. Siku ya kuitetea ripoti unaulizwa kuhusu aya ambayo hukuiandika wewe.

Tuchukue mwanachuo aliyetoka kwenye mafunzo kwa vitendo Kyela, anaandika kuhusu kakao: uchachushaji, ukaushaji, na mnada wa stakabadhi ghalani. NVDA anayo, maana ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Afanye nini kwanza?

Kwanza aiambie Word kwamba hiki ni Kiswahili. Ctrl+A kuchagua maandishi yote, kisha Alt, R, U, L, kimoja baada ya kingine. Kisanduku cha lugha kitafunguka. Atafute Kiswahili (matoleo mengine yameandika Swahili), abonyeze Enter. Kama kamusi ya Kiswahili haijawekwa kwenye mashine hiyo, LibreOffice ni ya bure na ina kamusi ya Kiswahili cha Tanzania. Pili, sauti. NVDA+Ctrl+V inafungua mipangilio ya usemaji, na kwenye eSpeak, sauti inayokuja na NVDA, Kiswahili kimo. Haina utamu wa mtangazaji wa redio, lakini inatamka herufi kama zilivyoandikwa. Sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili huwezi kujua kama kosa ni la kwako au la mdomo wake.

Hapo sasa mstari mwekundu una maana. NVDA+Space inakuingiza kwenye hali ya kuvinjari. Ukibonyeza W unaruka hadi kosa linalofuata, Shift+W unarudi nyuma. Ukilipata, NVDA+Space tena kurudi kwenye kuandika, halafu Shift+F10. Menyu inafunguka, unashuka kwa mshale ukisomewa mapendekezo, Enter ukiridhika. Usiridhike haraka. Kyela, Ipinda, Itungi, Lufilyo na Kajunjumele zitakamatwa kama makosa, na mapendekezo utakayopewa yanaweza kuihamisha wilaya nzima. Majina hayo yaongeze kwenye kamusi kupitia menyu hiyohiyo, lakini kabla hujaongeza pita herufi kwa herufi kwa mshale wa kulia. Jina ukiliingiza na kosa, kosa hilo halitakamatwa tena. Kwenye herufi kubwa NVDA hupandisha sauti kidogo, kwa hiyo utasikia kama Matema umeiandika kama jina la mahali au kama neno tu.

Kazi ngumu inaanzia pale W inapokwisha, kwa sababu kuna makosa ambayo kamusi haiyaoni kabisa. Kinyakyusa hakitenganishi r na l, na si Kinyakyusa peke yake. Ndugu zetu Wasukuma wanalijua hili. Basi mtu anaandika kwamba wanachama wa AMCOS walipiga kula, au kwamba kakao ilipelekwa mahari pa mnada. Kula ni neno, mahari ni neno. Word inaona kila kitu shwari. Mwenye kusahihisha anaona mnada umegeuka posa. Hapa anayesikiliza ana nafasi nzuri kuliko anayesoma kwa macho, maana jicho linajaza linachotarajia, ila sauti inasema kilichopo. Sharti ni kuipunguza kasi. Wenzetu waliozoea wanaisikiliza NVDA kwa mwendo ambao mgeni haambulii hata neno. Mwendo huo unafaa kusomea notisi, si kuhakiki. Neno likikutia shaka, Numpad 5 mara mbili inalitaja herufi moja moja. Kwenye mpangilio wa laptopu ni NVDA+Ctrl+nukta, mara mbili pia.

Kuna kosa moja linalopita kote kuwili, kwenye kamusi na sikioni: nafasi kati ya maneno. "Ilikuwa" na "ili kuwa" zote ni sahihi, na zikisomwa ndani ya sentensi zinasikika karibu sawa. "Kwahiyo" na "kwa hiyo" vilevile, ingawa hiyo ya kwanza kamusi inaweza kuikamata. Dawa ni Ctrl+mshale wa kulia, neno kwa neno. Ukisikia "ili", halafu "kuwa" peke yake, umeikamata. Inachosha, sibishi. Anza na muhtasari, utangulizi na hitimisho. Sura za kati zifuate kadiri muda unavyoruhusu.

Kwenye chumba cha kompyuta huna ruhusa ya kusakinisha programu, lakini NVDA inaweza kutengenezwa nakala ya kubebeka kwenye flashi, pamoja na sauti yako, kasi yako na mipangilio yako. Kamusi uliyoiongezea majina ya Kyela haimo kwenye flashi hiyo. Inabaki kwenye mashine uliyoandikia. Ukihamia nyingine, Kajunjumele itakamatwa upya.