Ziwa Halisomi Vyeo: Tulivyopanga Safari ya Siku Moja Kisiwani

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hiyo twaifahamu sote tuliopata kuvaa sare, maana jeshi na polisi husimama juu ya amri moja. Hata hivyo hatukuwahi kuipima kwa maji mpaka jioni ile tulipokutana Gisozi, mjini Kigali, kupanga matembezi ya siku moja katika Ziwa Kivu. Tulikuwa watu 19, baadhi yetu tungali kazini na wengine tumekwisha kustaafu. Tulidhani shughuli yenyewe ingetuchukua muda wa kunywa chai tu. Ikatuchukua jioni tatu. Twaandika habari hizi kwa sababu tuliyojifunza katika jioni hizo yanawafaa wenzetu wa vikosini, ambao wakipata likizo hupenda kwenda majini bila ya kujiuliza maswali mengi.

KALENDA KWANZA

Gisozi ni mahali panapomfundisha mtu kuheshimu tarehe. Juu ya kilima hiki lipo jengo la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 2004, na hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mtu apitaye karibu na lango lake kila asubuhi hahitaji kukumbushwa kwamba juma la tarehe 7 hadi 13 Aprili si wakati wa starehe, na kwamba siku mia za kumbukumbu huendelea hadi mwanzoni mwa Julai. Siku hizo tuliziondoa kwanza, wala hapakuwa na mjadala. Isitoshe, kuanzia Machi hadi Mei ni msimu wa mvua nyingi, na dhoruba ya ziwani haimpigi mtu hodi.

Kisha tukaziondoa Jumamosi za mwisho wa mwezi. Siku hiyo ni ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, na barabara hutulia kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Haikutupendeza kwamba sisi, walinzi wa sheria, tuonekane ndani ya basi la matembezi wakati raia wameshika majembe. Basi tukachagua Jumamosi ya tatu ya mwezi Julai, katikati ya kiangazi.

Njia ilikuwa rahisi kuipanga. Kutoka Gisozi tutateremka Nyabugogo, tushike barabara ya Muhanga, kisha tuingie milimani kuelekea Karongi, mji ambao wengi wetu bado twauita Kibuye. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 130, lakini kona zake ni nyingi, na dereva mwenye busara huhesabu saa tatu. Ili tufike saa moja asubuhi, tuliandika kwamba basi litaondoka saa kumi alfajiri, na atakayechelewa ataachwa. Kwa watu wa nidhamu, jambo hilo halikuhitaji kura.

KISIWA NA ZIWA LAKE

Kisiwa tulichokichagua huitwa Napoleon, kwa sababu ukikitazama kutoka mbali umbo lake hufanana na kofia ya yule jemadari wa Ufaransa. Hakina mji wala soko. Wenyeji wake ni miti, ndege, na popo wakubwa wala-matunda ambao hulala mchana wakining'inia matawini kwa maelfu. Karibu na hapo kipo kisiwa kingine kidogo, Amahoro, maana yake amani, ambako wageni hupumzika. Mtu akibahatika huweza kuona ng'ombe wakivushwa kwa kuogelea kwenda malishoni visiwani, pembe zao tu zikionekana juu ya maji.

Kuhusu popo tulikata shauri mapema. Wapo wageni wanaopiga makofi na makelele ili popo waruke wote kwa pamoja na kuifunika mbingu. Ni tamasha la kupendeza macho, lakini viumbe hao hulea watoto wao matawini, na kuwafukuza kila siku ni kuwatesa. Tena hatujasahau mwaka 2024. Mwezi Septemba mwaka huo ugonjwa wa Marburg ulitangazwa humu Rwanda, ukawapata watu 66 na kuwaua 15 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 20 Desemba. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Uchunguzi uliufuatilia ugonjwa huo hadi kwa popo wala-matunda waishio katika pango la machimbo. Hatusemi kwamba popo wa kisiwani, wanaolala mitini, wana ugonjwa huo. Twasema tu kwamba mnyama wa porini hutazamwa kwa macho, hashikwi kwa mikono, na tunda lililoumwa naye haliliwi.

Ziwa lenyewe nalo lataka heshima. Uso wake uko karibu meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufika meta zaidi ya 480. Chini kabisa pamehifadhika gesi ya kaboni na gesi ya methani kwa wingi mkubwa, na tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt wa Karongi huvuta methani hiyo na kuigeuza umeme, megawati 26. Mmoja wetu aliuliza kama gesi hiyo haitatudhuru tukiogelea. Jibu ni kwamba imekaa katika tabaka za chini sana, imekandamizwa na uzito wa maji, wala haimfikii muogeleaji wa juu. Hatari iliyo karibu zaidi na msafiri ni ya kawaida kabisa: upepo unaoamka alasiri, mawimbi, na idadi ya watu waliomo chomboni.

CHOMBO CHA MITI ILIYOFUNGWA

Karibu na Gisozi tunakokutana ipo karakana kubwa ya maseremala, Agakiriro, ambako misumeno hulia tangu asubuhi. Tulimwuliza fundi mmoja mzee maoni yake juu ya vyombo vya Kivu. Akacheka, akasema kwamba kiti kikilegea mwenye kukikalia huanguka sakafuni, lakini mtumbwi ukilegea sakafu iko mbali.

Wavuvi wa Kivu hutumia chombo cha namna yake. Mitumbwi mitatu huwekwa sambamba, ikaunganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi iliyofungwa kwa kamba. Usiku hutundika taa, wakashusha wavu kati ya mitumbwi, na samaki wadogo waitwao isambaza huja wakifuata mwanga. Samaki hao asili yao si hapa, bali walihamishwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya mwisho ya 1950. Huko Tanganyika wavuvi huunganisha mitumbwi miwili tu, nayo huitwa katamarani. Neno hilo limetoka katika lugha ya Kitamil ya India ya Kusini, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja. Hata ngalawa ya pwani yetu ya Waswahili, yenye mbao mbili za pembeni zinazogusa maji, ni ndugu wa ukoo huo.

Faida ya chombo cha namna hii ni upana wake. Mtumbwi mmoja mwembamba huyumba mtu akisimama, lakini mitumbwi iliyofungwa pamoja hushikana mikono, ukitaka kuzama mmoja wenzake humwinua. Ila faida hiyo ina mipaka yake. Kamba ikioza au mti ukipasuka, ushirika umevunjika. Mtumbwi mmoja ukijaa maji, badala ya kuinuliwa huwavuta wenzake. Na chombo kipana kikishapinduka, si rahisi kukigeuza tena. Kwa hiyo tuliandika kwamba kabla mtu yeyote hajapanda, wawili wetu watazipitia fungo zote kwa mikono, moja baada ya moja, kama wanavyokagua silaha.

IDADI

Sasa twafika kwenye jambo lililotutoa jasho. Jioni ya pili tulimpigia simu mwenye chombo kule Karongi. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akatuambia kwamba chombo chake huchukua abiria 12. Sisi tulikuwa 19. Kukodi vyombo viwili maana yake ni kuongeza gharama, na fedha tulizochanga zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwa basi na chakula.

Mmoja wetu, ambaye kwa cheo alitutangulia sote, akanyosha mkono. "Nipeni simu hiyo," akasema. "Akijua sisi ni nani, hatakataa."

Wengi tulicheka kwa kuafiki. Ndipo mdogo wetu kuliko wote, koplo ambaye amepata kufanya kazi katika doria za ziwani, akasimama wima kana kwamba yuko gwarideni.

"Afande, naomba ruhusa ya kusema."

"Sema."

"Hiyo ndiyo hatari yenyewe, Afande. Hatakataa."

Chumba kikanyamaza. Kila mmoja wetu alimwona yule kijana wa Karongi akiwa ameshika kasia, akitazama watu 19 wanaopanda chombo cha watu 12, akijua moyoni kwamba ni makosa, na ulimi wake umefungwa kwa woga wa vyeo vyetu. Mtu wa namna hiyo si nahodha tena, bali ni mateka.

Hatukuhitaji kutafuta mifano mbali. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kisiwa cha Ukara. Kilisajiliwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Na katika Ziwa Kivu hili hili, tarehe 3 Oktoba 2024, meli iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma, ndugu wa abiria wakitazama kutoka ukingoni. Makumi ya watu walipotea. Vyombo hivyo viwili havikuzamia katikati ya kilindi, vilizama gati likionekana. Huko nyuma, siku abiria walipokuwa wakipanda, palihitajika mtu mmoja wa kusema "basi, imetosha," na watu wengi wa kumsikiliza.

Mkubwa wetu alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mwambie tunataka vyombo viwili. Nyongeza tutachanga, tukianzia kwangu." Akageuka kwa koplo. "Na uandike katika daftari lako kwamba mimi sijui kuogelea."

Neno hilo lilifungua vinywa vilivyokuwa vimefumbwa kwa aibu. Tulipohesabu tulikuta kwamba kati yetu 19, saba hawakujua kuogelea, na baadhi yao wamekuwa askari kwa zaidi ya miaka ishirini. Laiti yule mmoja asingetangulia kusema, hao saba wangepanda chomboni wakitabasamu.

MPANGO ULIVYOKUWA

Jioni ya tatu tuliandika mpango wa mwisho, nao haukuzidi ukurasa mmoja. Saa moja asubuhi kufika Karongi na kunywa chai. Saa moja na nusu kukagua fungo, makasia, injini na jaketi za kuokoa maisha, jaketi moja kwa kila mtu, lifungwe mwilini wala si kukaliwa kama mto. Wasiojua kuogelea wagawanywe katika vyombo vyote viwili, kila mmoja akiwa na mwenzake anayejua. Majina ya watu wa kila chombo yaachwe ukingoni kwa mtu anayeaminika, pamoja na saa ya kurudi, ili tukichelewa ajue nani wa kutafutwa na apige simu namba 112. Saa mbili kuondoka, vyombo viwili vikionana wakati wote. Pombe isipandishwe chomboni kabisa. Atakayetaka kuburudika asubiri jioni, miguu yake ikiwa juu ya ardhi.

Saa saba mchana vyombo vitageuza omo kurudi, kabla ya upepo wa alasiri, hata kama simulizi zitakuwa zimenoga. Saa kumi na mbili jioni au baada yake kidogo, Mungu akipenda, tutakuwa tumerudi Gisozi.

Juu ya yote hayo tuliandika sharti moja, na kila mmoja akatia sahihi yake chini. Sharti lenyewe lasema kwamba kuanzia mguu wa kwanza unapoingia chomboni hadi mguu wa mwisho unapotoka, amri ni ya nahodha. Akisema keti, tutaketi. Akisema upepo huu siupendi, hatutakwenda, na hakuna atakayemkumbusha kwamba tumetoka Kigali usiku. Mkubwa wetu alitia sahihi wa kwanza, na koplo wa mwisho.

Ndugu zetu wa vikosini, sisi tumezoea kuamini kwamba ushujaa ni kusonga mbele. Nyakati nyingi ndivyo ulivyo. Lakini ziwa halisomi vyeo, wala mawimbi hayapigi saluti. Majini ushujaa mara nyingine huwa ni wa kijana mwenye kasia anayemwambia mkubwa kwamba nafasi imekwisha, na wa mkubwa anayemjibu, "Ndiyo, nahodha," kisha akateremka na kungoja chombo cha pili.